Kuondoa kirusi si kufungua mafaili
Ndugu yangu wa steshenari ya Mwanga, Kigoma, umeuliza kama kukiondoa kirusi kinachodai fidia, yaani programu inayoyafunga mafaili na kudai pesa ili yafunguliwe, kutazirudisha picha za wateja. Hapana, kwa sababu antivirusi hukiua kirusi chenyewe lakini haiyafungui mafaili ambayo tayari yamefungwa. Chomoa kwanza waya wa mtandao pamoja na flashi zote, ambazo dukani kwako hupita mikono mingi. Usilipe. Nakili mafaili yaliyofungwa kwenye diski ya nje, kisha tafuta ufunguo wa bure katika tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni mbili za usalama, kwani baadhi ya virusi hivi vimeshapatiwa dawa. Hatimaye futa kompyuta yote na uweke Windows upya.