Pengo la mapato likitoweka kwenye modeli, limeenda wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu madereva wa bajaji wanaopata abiria kupitia apu. Wanawake wanapata pungufu kwa saa kuliko wanaume. Lakini nikiingiza kwenye rigresheni (modeli ya takwimu inayopima mchango wa kila jambo kwenye mapato) uzoefu, eneo na muda wa kazi (mchana au usiku), kizigeu cha jinsia, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa pengo, kinakaribia sifuri na hakina tena umuhimu wa kitakwimu, yaani huenda kimetokea kwa bahati tu. Apu yenyewe inalipa kwa kanuni moja, haiangalii jinsia. Msimamizi wangu anashauri nihitimishe kwamba usawa upo. Je, ni sahihi?

Jibu: Marahaba. Usihitimishe hivyo. Hesabu zako huenda hazina tatizo; tatizo ni tafsiri, na nimelikuta kwenye tasnifu nyingi hadi linaniuma.

Modeli yako ya kwanza iliuliza: dereva mwanamke anapata pungufu kiasi gani? Ya pili imeuliza jambo jingine: mwanamke mwenye uzoefu uleule, eneo lilelile, saa zilezile, anapata pungufu kiasi gani? Jibu la pili likiwa sifuri, la kwanza bado linasimama. Ulichopata ni ramani ya njia ambazo pengo limepitia.

Sasa kiulize kila kigeu, yaani kila jambo uliloliingiza kwenye modeli: je, jinsia imechangia kukiumba? Mvua ya siku ile haijali nani anaendesha, hiyo idhibiti bila wasiwasi, yaani iingize kwenye modeli ili ulinganishe madereva walio katika hali moja. Lakini kazi ya usiku? Mama anayezima apu saa moja jioni kwa kuogopa kumpeleka mtu asiyemjua Mbagala ndani kabisa, au kwa sababu watoto wanamsubiri wale, hakuamua akiwa katika hali moja na mwenzake wa kiume. Ukidhibiti muda, unafuta sehemu ya jambo lenyewe unalolichunguza.

Soma utafiti wa Cook, Diamond, Hall, List na Oyer kuhusu madereva wa Uber nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2021. Walikuwa na takwimu za madereva zaidi ya milioni moja, na kanuni ya malipo ilikuwa moja kwa wote, kama ya apu yako. Hata hivyo wanaume walipata takriban asilimia 7 zaidi kwa saa. Pengo hilo walilieleza kwa mambo matatu: uzoefu, mahali na saa za kuendesha, na mwendo wa gari. Angalia walivyoandika: asilimia 7 ilibaki palepale mbele ya msomaji, maelezo yakafuata. Walionyesha pia kwamba wanawake waliacha kazi hiyo mapema zaidi, kwa hiyo wengi wao hawakufikia uzoefu unaolipa. Hapo ndipo ningetaka utafiti wako uchimbe: kwa nini wanaondoka?

Kwa hiyo weka matokeo yote kwenye jedwali moja: kwanza jinsia peke yake, kisha ongeza vigeu kimoja kimoja msomaji aone pengo linavyopungua. Lakini mpangilio wa kuongeza hubadilisha picha, hivyo fanya pia mgawanyo wa wachumi Oaxaca na Blinder, unaogawa pengo kuonyesha sehemu inayoelezwa na vigeu na isiyoelezwa, ambao kila mmoja aliuchapisha kivyake mwaka 1973. Stata na R zote zina programu yake, inaitwa oaxaca.

Chunga na idadi. Wanawake wakiwa wachache kwenye sampuli, makadirio hutanuka sana, na pengo la kweli linaweza kukosa umuhimu wa kitakwimu kwa sababu hiyo tu. Toa kiwango cha chini na cha juu cha makadirio, usiishie kwenye nyota zinazowekwa kwenye jedwali kuonyesha umuhimu wa kitakwimu.

Kwenye hitimisho, sentensi kama hii inatosha: “Madereva wanawake wanapata pungufu kwa saa, tofauti hiyo inahusiana zaidi na uzoefu, eneo na muda wa kazi, mambo ambayo yenyewe yanaweza kutokana na jinsia.” Msimamizi wako akiona jedwali, naamini mtaelewana.

Bado kuna waliokwisha kuacha apu, ambao hawamo kwenye takwimu zako. Kama wanawake waliokuwa wakipata kidogo ndio walioondoka, pengo unaloliona ni dogo kuliko lilivyokuwa. Anzia kwa viongozi wa vijiwe vya bajaji. Wengi wanajua nani aliuza chombo na nani alirudi kwenye biashara ya genge. Waombe wawaulize kwanza hao akina mama kama wako tayari kuzungumza, ndipo upewe namba.