Hoho na pilipili kali tuta moja, na maswali mengine ya bustani

*Nina aina tano za nyanya na nne za pilipili uani kwangu Chikongola, Mtwara. Hoho zilizo jirani na pilipili mwendokasi zitakuwa kali?*

Mwaka huu hapana, dada. Tunda hufuata mmea uliolizaa. Mbegu za ndani ndizo huenda zimechanganyika, maana nyuki hatambui mpaka wa tuta; ukizipanda msimu ujao unaweza kuvuna hoho ya kukuliza. Ukitaka mbegu safi, funika maua machache kwa kifuko cha chandarua kabla hayajafunguka, tikisa tawi kila asubuhi, na tunda likishika fungia uzi mwekundu kwenye kikonyo. Nyanya huchavuka zenyewe, hazina usumbufu huo.

Halafu andika majina ya aina zako! Wino wa kalamu unafutwa na jua letu. Kata kipande cha kopo la soda, andika kwa msumari, funga kwenye mti unaoshikilia mche.

*Nyanya zinanyauka mchana zikiwa bado kijani. Nimepulizia salfa iliyobaki ya mikorosho mara tatu, hola. (Masasi)*

Swali hili linarudi kila msimu, na kila msimu nasema salfa ni ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga. Haitibu mnyauko, na ukiipuliza jua kali inaunguza majani. Kata shina karibu na udongo, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Dakika chache baadaye ukiona nyuzi nyeupe zinashuka kama moshi, ni mnyauko wa bakteria na hauna dawa. Ng'oa na mizizi, choma, usitupe kwenye mboji. Hapo pumzisha nyanya, pilipili, bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo kwa miaka mitatu au zaidi, weka mahindi.

Msinunue dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Mimi niliuziwa hivyo, nikapoteza miche 18 ya nyanya aina ya Tanya, na sikuwa na lebo ya kuniambia nimepuliza nini wala nisubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Watoto wangu walikuwa wanakula nyanya hizo.

*Kitako cha nyanya kinaoza, cheusi. Dawa gani?*

Si dawa, ni maji. Ukimwaga leo ndoo tatu, kisha siku nne kavu, kwenye mchanga wetu wa pwani mmea hauwezi kufikisha madini ya chokaa (kalisi) kwenye tunda. Mwagilia kwa kipimo kilekile, tandaza nyasi kavu. Nanyi wa Newala mnaonunua maji kwa dumu, pandeni miche sita mnayoimudu, msipande thelathini ya kuitazama ikifa.

*Mbegu za nyanya ya F1 (chotara) naweza kuzirudia?*

Zitaota, kila mche na sura yake. Rudia Tanya au Tengeru 97.

*Nianze lini? (Lindi)*

Kitalu Aprili, hamisha Mei mvua zikikatika. Ukichelewa hadi joto la Novemba, maua yatapukutika.

*Majani ya nyanya yana michirizi myeupe na mabaka kama yameungua.*

Kama ndani ya baka kuna kiwavi mdogo, ni kantangaze. Chuma majani hayo leo hii, pamoja na matunda yaliyotobolewa, funga kwenye mfuko wa plastiki, uache juani siku kadhaa.