Kabla hujaifungua stoo

Mwanangu Aika,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza kitu kimoja tu: mtakapopanda kuja nyumbani Moshi mwezi wa kumi na mbili, tuanze kutupa kipi kwenye stoo ili mjukuu wangu apate chumba? Halafu ukaniwekea na ile taarifa ya kwamba kulimbikiza vitu siku hizi ni ugonjwa unaotambulika, Wamarekani wameupa nafasi yake kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani nalo limeuingiza kwenye orodha yake mpya iliyoanza kutumika 2022. Siku ya kwanza nilikasirika. Ya pili nikaisoma taarifa yenyewe mpaka mwisho. Leo nakujibu kwa kalamu, maana kwenye simu utanikatiza.

Taarifa haisemi kwamba wingi wa vitu ndio ugonjwa. Inasema ni pale mtu anapoumia kuachana na kitu hata kama hakina thamani, na vyumba vinajaa mpaka havifanyi kazi yake, jiko halipikiki, kitanda hakilaliki. Basi hapo tusibishane, chumba kile hakilaliki. Jana nilisimama mlangoni nikakitazama kama mgeni. Kuna chupa za chai tatu zilizovunjika vioo. Kuna jiko la mchina lisilo na tambi, kandili mbili, ndoo zilizopasuka, mabati ya lile banda la kuku, madaftari yako ya darasa la pili na ya kaka yako, gunia la vipande vya vitambaa tangu nilipokuwa nashona sare za shule. Na kuna mifuko ya plastiki, ile ya rambo, kiroba kizima, wakati mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na hata kukutwa nayo ni kosa. Hiyo sina la kuitetea. Nilikuwa naiosha, naianika kwenye kamba, naikunja. Marufuku ilipoanza nilisema nitaitoa kesho.

Lakini hata hiyo, itoke iende wapi? Ukiichoma inanuka mtaa mzima, ukiitupa mferejini utaikuta mtoni. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo, kitu hakitoki nyumbani bila mkono wa kukipokea.

Usidhani kwamba siwezi kuachia. Nguo za marehemu baba yako ziligawiwa siku ya kumaliza matanga, wewe ulikuwepo. Sikuzuia hata soksi. Ile kaunda suti yake ilikwenda kwa baba yako mdogo, na mpaka leo nikimwona ameivaa kanisani moyo wangu unatulia, naona imepata mtu. Je, mgonjwa anaweza hivyo? Najijibu hapana. Halafu nakumbuka zile chupa za chai, na jibu linanitoka.

Wewe umeuliza tutupe kipi. Mimi swali lako limenipeleka kwenye vitu vilivyokwisha kutupwa. Hili sijakusimulia lote, maana bibi yako alipokuwa hai lilikuwa halisemwi.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka kumi na minne. Habari za foleni na ugali wa yanga, yale mahindi ya njano, umezisikia mpaka umezichoka, nitapita haraka. Vita vya Kagera vilikuwa vimetuacha hoi, mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na Taveta ile unayoweza kwenda na kurudi kabla ya mchana ikawa kama nchi ya mbali. Mtu akionekana na kopo la Kimbo, mafuta ya kupikia ya Kenya, aliulizwa amelitoa wapi. Sabuni na sukari tulipata kwa mgao, duka la kaya, balozi wa nyumba kumi akiwa na daftari lake la majina. Tuliamka saa tisa usiku kupanga mawe kwenye foleni, jiwe moja kwa kila nyumba, na jiwe la mtu halikusogezwa.

Bibi yako alikuwa na mimba ya mjomba wako Elia. Unajua mzazi wa Kichagga anavyolelewa, miezi mitatu ndani, mtori, maziwa, na nepi za kufua kila siku iendayo kwa Mungu. Kwa hiyo tangu alipojijua ni mjamzito, kila mche wa sabuni ulioingia nyumbani aliukata katikati kwa uzi. Nusu tulitumia. Nusu aliifunga kwenye kipande cha gazeti akaiweka kwenye debe chini ya kitanda. Alikuwa anasema sabuni ikikaa inakauka, inakuwa ngumu, haiishi upesi, na kweli. Usiku mwingine nilimwona anavuta lile debe, anahesabu kwa kidole, anarudisha. Vilifika vipande kumi na vinne. Kulikuwa na sukari pia, kama kilo nne hivi, kwenye mfuko wa kaki.

Ndipo ukaja msako wa wahujumu uchumi. Redio ilikuwa haina habari nyingine, walanguzi waliokamatwa, magunia yaliyokutwa darini, na mwaka uleule ikapitishwa sheria yake na mahakama yake maalumu. Msako ulikuwa wa walanguzi wakubwa. Sabuni kumi na nne za nusunusu, za mama mjamzito, hazikuwa zimemhujumu mtu yeyote. Lakini hofu haina mizani. Jirani mmoja alimwambia babu yako njiani kwamba nyumba za upande wa chini zimeanza kupekuliwa mpaka mvunguni. Na babu yako unamjua, karani wa kahawa, mtu wa mhuri na risiti. Risiti ya sabuni hakuwa nayo. Jioni ile hakula. Usiku akaniamsha nibebe mfuko wa sukari, yeye akabeba debe, tukatoka bila kandili.

Tulishuka mpaka mto Rau. Ilikuwa masika, mto umejaa na unanguruma. Alimwaga sukari kwanza. Kisha akaanza na sabuni, kimoja kimoja, na sabuni iliyokauka ikiingia majini inalia tubwi kama jiwe. Nilikuwa nahesabu. Baada ya cha tisa akageuka kukohoa, mimi nikachukua kipande kimoja nikakisukuma kwapani, ndani ya sweta. Ubaridi wake nausikia hata sasa ninavyoandika. Alipomaliza akalitupa na debe. Hata debe, Aika. Debe lilikuwa na kosa gani?

Nyumba yetu haikupekuliwa. Wala ya huyo jirani.

Elia alizaliwa wiki tano baadaye. Nepi zake tulifua kwa majani ya mpapai. Unayaponda, yanatoa povu la kijani, lakini madoa hayatoki yote, na mtoto akatoka vipele mapajani. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikamtolea bibi yako kile kipande. Alikigeuza, akakinusa. Upande mmoja maandishi ya gazeti yalikuwa yameganda kwenye sabuni, yamegeuka kinyume, unaweza kuona herufi. Hakuniuliza nimekitoa wapi. Alichomoa uzi kwenye pindo la kanga yake akakikata vipande vinne, kila kimoja kama kiberiti. Babu yako alikuwa amesimama mlangoni. Aliona. Akatoka akaenda kukata majani ya ng'ombe, na ilikuwa jioni, majani yalikuwa yamekwisha kukatwa.

Miaka arobaini na zaidi nimekuwa nikitaka kusema kwamba alikosea. Mke yuko karibu kujifungua, wewe unamwaga akiba yake mtoni kwa maneno ya njiani! Halafu najirudi. Kama wangemkuta? Watoto watano, mshahara mmoja, mtu mwenye jina safi kazini. Nasema tena, lakini nani alifungwa kwa nusu mche? Ndiyo, lakini yeye usiku ule angejuaje? Ulimi unaniwasha. Lakini amelala kihambani pake na alinisomesha, basi neno lile nalimeza.

Nisiloweza kulimeza ni hili. Nyumba kumi zetu zile zilikuwa na wanawake. Angekwenda na lile debe nyumba saba, vipande viwili viwili, asingebaki na kitu cha kuogopa mvunguni, na bibi yako angeazimwa hata kimoja siku ya shida. Kitu hakitoki bila mkono wa kukipokea. Mto hauna mkono.

Kwa hiyo unapoandika "tupa" mimi sioni gari la taka, naona maji ya Rau. Huenda huo ndio ugonjwa wenyewe. Wakati ule kuweka kitu kuliitwa uhujumu, leo mnakuita maradhi, na bibi yako aliita akiba na hakuwahi kuwa na jina jingine. Lakini bibi yako alijua anaweka kwa ajili ya nani. Mimi zile chupa za chai namwekea nani? Leo asubuhi nilizitoa nje nikaziweka kando ya mlango. Mchana nikazirudisha ndani. Nilisikia kitu hapa kifuani, na nimekuandikia ujue, kwa sababu taarifa yako inasema habari hiyohiyo na sitaki kukuficha. Sema na daktari wako huko kama unaona vema, nitamsikiliza. Kuniita mgonjwa kabla ya hapo, nakuomba usubiri. Mimi mwenyewe nasubiri.

Ila nilisoma pia mahali kwamba kumtolea mtu vitu kwa nguvu humzidishia. Kwa hiyo usije na kirikuu ukapakia nikiwa kanisani. Hilo tu ndilo sharti langu.

Mengine tutakwenda hivi. Madaftari yako na ya kaka yako mtachukua wenyewe, mimi nimeyatunza inatosha. Vitambaa kuna binti Kiboriloni anajifunza cherehani, anaunga viraka anatengeneza mashuka ya watoto, kazi safi kabisa. Nusu ya gunia nimekwisha kumpa na nusu ataifuata. Mabati na ndoo za chuma watu wa vyuma chakavu wanapita na mizani yao kila wiki, nitasimama mwenyewe wakipima. Mifuko ya rambo muulize afisa afya wa kata inapelekwa wapi, ukipata jibu nitaibeba mwenyewe. Chupa za chai shika wewe. Usinionyeshe unapozipeleka, lakini ziondoke mikononi mwako, sio usiku. Lile kopo la vifungo vya sare usiliguse, bado linafanya kazi.

Na lingine. Pasaka uliniuliza miche ya sabuni kwenye sanduku la bati la babu yako ni ya nini, nikakujibu kwamba nilinunua bei iliposhuka. Haikuwa bei. Iko kumi na minane, nimeihesabu asubuhi. Mitatu uichukue, ukipita Himo umpelekee mjomba wako Elia. Atacheka, atasema dada anadhani Himo hakuna maduka. Mwache acheke, na usimwambie kitu.

Mimi mama yako,
Rau, Moshi