Kabla ya Kuuliza Bei ya Nanga za Bega

Juzi msomaji mmoja wa Uvira ameniandikia kwamba kano ya bega lake imechanika na ametakiwa achague: ishonwe kwa mstari mmoja wa nanga, yaani vishikizo vidogo vyenye nyuzi vinavyokazwa mfupani, au kwa mistari miwili. Swali hilo limenirudisha kwenye bega langu mwenyewe, lililoumia siku nilipoteleza kwenye ngazi za udongo huko Kadutu, hapa Bukavu, nikiwa na bidoni ya maji ya lita 20, kisha likapakwa mafuta na kuchomwa sindano kwa miezi minane katika kituo nisichopenda kukitaja. Mwaka huo wanafunzi wangu walinakili masomo kutoka nusu ya chini ya ubao.

Hatimaye niliuza kiwanja, nikavuka mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kwenda kupasuliwa. Katika upasuaji huu daktari hutoboa matundu yasiyozidi takriban sentimeta moja, akapitisha kamera kwenye moja na vifaa kwenye mengine. Kwa mstari mmoja, nanga hukazwa mfupani kwenye safu moja, na nyuzi zake huirudisha kano mahali pake. Kwa mistari miwili, safu moja hukaa upande wa ndani na nyingine upande wa nje, na mara nyingi nyuzi huvutwa juu ya kano kutoka safu hadi safu, zikaibana kama kamba zinavyobana turubai juu ya mzigo wa lori. Kano hugusa mfupa kwa eneo pana zaidi, ila nanga huongezeka, upasuaji hurefuka na gharama hupanda.

Mimi nilidai miwili. Aliyeuza kiwanja hataki cha rahisi. Daktari akanionyesha picha ya mpasuko wangu wa sentimeta 2, akasema, "Mwalimu, mmoja unakutosha." Nilinuna, nikidhani amenipima kwa viatu vyangu. Lakini alisema kweli: tafiti zilizolinganisha njia hizi hazijaona tofauti kubwa ya maumivu wala ya nguvu katika mipasuko midogo. Faida ya mistari miwili huonekana zaidi mpasuko ukizidi sentimeta 3, ambapo njia hiyo hupunguza uwezekano wa kano kuchanika tena. Hata hivyo, ikichanika, huweza kukatika upande wa ndani karibu na msuli, mahali pagumu kushonwa upya.

Basi, ndugu yangu, uliza kwanza ukubwa wa mpasuko, na uulize kama msuli umeanza kugeuka mafuta, maana ukishageuka hakuna nanga itakayourudisha. Acha sigara. Na usiwaige wanaovua kombeo la kushikilia mkono wiki ya tatu kwa kuona haya sokoni! Mimi nililivaa wiki 6, nikilala nimeegemea mito, kisha nikaenda kwa kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, miezi mingi huku nikikatazwa kubeba hata ndoo.

Jumatatu iliyopita niliandika tarehe juu kabisa ya ubao. Mtoto wa dawati la mbele akalalamika kwamba shingo inamuuma.