Jibu: Eichhornia au Pontederia, gugumaji ni lile lile

Dada, umeuliza kwa nini karatasi ya mafunzo uliyopewa pale Dunga inaliita gugumaji Eichhornia crassipes, ilhali kitabu cha mwanao kinasema Pontederia crassipes. Ni mmea uleule unaoziba ufuo wetu hapa Kisumu.

Crassipes ni Kilatini, maana yake mwenye mguu mnene. Ng'oa gugu lililo pembeni, ambalo halijabanwa na wenzake, utazame kikonyo cha jani: kimevimba kama kitunguu. Kikate kwa kisu. Ndani ni sponji tupu iliyojaa hewa, nayo ndiyo inayolifanya lielee. Yaliyosongamana huwa na vikonyo virefu vyembamba, kwa hiyo usidhani ni aina nyingine.

Neno la kwanza katika jina ni jenasi, yaani kundi la mimea yenye ukoo wa karibu. Mwanabotania Martius aliuweka mmea huu kwenye Pontederia, jina la heshima kwa Giulio Pontedera, mwanabotania wa Padua. Katika miaka ya 1840 mwanabotania mwingine, Kunth, akaanzisha jenasi ya Eichhornia, kwa heshima ya waziri mmoja wa Prussia, na baadaye gugumaji likahamishiwa huko. Mwaka 2018 wataalamu wakaziunganisha jenasi hizo, jina la awali likarudi.

Kwa mradi wa shule, mwanao aandike Pontederia crassipes: P kubwa, c ndogo, herufi za mlazo. Akiandika kwa mkono, apige mstari chini. Tafadhali ataje Eichhornia pia, mara moja tu, maana maandishi mengi kuhusu Ziwa Victoria bado yanatumia jina hilo, na akitafuta kwa jina jipya pekee atakosa mengi.