Mzinga umenyamaza tangu Julai: nifungue?

SWALI: Shikamoo Mama Nyuki. Nina mizinga mitatu huku Mau Narok, miwili ya Langstroth, yale masanduku ya fremu, na mmoja wa papi za juu, ambamo masega huning'inia kwenye vijiti tu. Tangu Juni ni ukungu na manyunyu, na huo wa papi umenyamaza tangu Julai. Kila asubuhi naokota nyuki waliokufa mlangoni. Nilimtazama kwenye simu mfugaji wa Uingereza akikagua mizinga yake baada ya miezi ya baridi. Alingoja siku ya joto ndipo akafungua. Nasi tufanye hivyo, au hayo ni mambo ya Ulaya?
Msomaji, Mau Narok

JIBU: Marahaba, mwanangu. Cha Ulaya hapo ni theluji tu. Nyuki wa kule hujibana wakawa kama mpira, wakala akiba na kutetemesha misuli ili wapate joto, miezi na miezi. Wako hawafungiwi namna hiyo, lakini kwa ukungu wa Mau wanaweza kukaa siku nne bila kutoka, na wakitoka wanakuta ngano, ambayo haina nekta hata tone. Njaa ni ile ile. Ila nyuki wa kule akiishiwa hufia ndani. Wa kwetu mara nyingi hufunga virago.

Hao wafu wa mlangoni wasikutishe sana. Kuna waliowabeba hadi hapo, maana yake nyumba bado ina wa kufagia. Ningeogopa zaidi kama ungeniambia huoni nyuki hai wala mfu.

Kwa hiyo usifungue kwanza. Jua likitoka, kama saa nne, keti kando ya mzinga, usikae kwenye njia yao. Tazama miguu ya nyuma ya wanaoingia. Ukiona wamebeba vidonge vya chavua, vya manjano au rangi ya chungwa, basi huenda kuna watoto wanaolishwa. Linganisha na ile Langstroth yako miwili.

Mwaka mmoja hapa Njoro nilishindwa kungoja. Manyunyu ya Julai, mimi na bomba langu la moshi, nikatoa sega baada ya sega nikimtafuta malkia. Sikumwona. Wiki iliyofuata mzinga ulikuwa mtupu, mjusi amelala juu ya sega. Baba watoto bado ananiuliza habari za mjusi wangu.

Chagua siku kavu, fungua saa kumi alasiri: bado kuna joto, na giza likiingia hasira itapoa. Malkia mwache. Tafuta mayai. Geuka jua likupige begani, liangaze ndani ya vitundu. Yai husimama chini kabisa, kama kipande cha uzi mweupe. Likiwa moja kwa kila kitundu, katikati, malkia alikuwepo ndani ya siku tatu zilizopita, kwani yai huanguliwa siku ya tatu. Ukikuta mawili matatu, mengine yamebandikwa ukutani, malkia hayupo. Wafanyakazi ndio wanaotaga, na watazaa madume matupu.

Angalia mikono yako hapo. Sega la papi halina fremu ya kulishika. Ukililaza kama unavyolaza la Langstroth, litakatika na kuanguka, asali, watoto na yote. Ligeuze likiwa wima, ukizungusha papi yenyewe.

Ukiona nyuki waliokufa vichwa vimezama ndani ya vitundu, hiyo ni njaa. Changanya kilo ya sukari na lita ya maji ya vuguvugu, weka kwenye sahani ndani ya mzinga, upande usio na masega, utupie vijiti wasizame. Fanya jioni. Usimwage nje hata kidogo, la sivyo hao wa Langstroth watakuja kupora. Mlango nao upunguze, upite nyuki wawili watatu tu. Masega yenye utandoutando wa nondo yatoe uyayeyushe nta. Kundi dogo haliwezi kuyalinda.

Utitiri wa varoa, kile kidudu kinachowaganda nyuki, uko Kenya, uligunduliwa 2009, na pengine umeshauona ukitajwa kwenye simu. Nyuki wetu huuvumilia kuliko wa Ulaya. Usikimbilie dawa za dukani. Mimi sijawahi kuzitia.

Ukimaliza, pitisha kidole kwenye nyaya zinazoning'iniza mizinga. Mvua yote hiyo imeosha grisi, na siafu hupita humo usiku. Paka upya siku hiyo hiyo.

Kisha niandikie ulikuta mayai mangapi kwenye kitundu kimoja, na masega mangapi yamefunikwa na nyuki. Hapo nitakwambia kama huo wa papi tuulishe au tuuunganishe na mwingine.