Majengo ya Wapi, Kulwa wa Nani?

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupokea na kusafirisha vifurushi vya mabasi ya mikoani. Kila siku naona majina yameandikwa juu ya mabegi, maboksi na viroba, na kila siku naona jinsi watu wanavyoyaamini majina hayo kupita kiasi. Ombi langu kwa kila anayetuma mzigo au kujaza fomu ni moja: kabla hujaweka kalamu chini, jiulize ni wangapi wengine wanaoitwa hivyo.

Chukua Majengo. Iko Moshi, iko Dodoma, iko Songea, iko Kahama. Ukivuka mpaka unaikuta Mombasa, na Nairobi utaipata Pumwani. Hakuna mji ulioiga mwenzake. Watu walijenga kwa wingi mahali, pakaitwa Majengo, basi. Mbuyuni na Miembeni ni hivyo hivyo: mti ulikuwepo kabla ya mtaa, na mibuyu na miembe haijaota mji mmoja tu.

Kariakoo ni habari nyingine kabisa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zina asili moja: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kambi zao ndizo zilizoacha jina katika miji yote miwili. Wapagazi wengi mno walikufa kwa maradhi na uchovu, na mimi kila ninapoandika "Kariakoo" kwenye risiti nafurahi kwamba angalau jina lao bado linatajwa sokoni kila siku.

Halafu kuna majina yaliyoanzia kwa mtu. Mji wa Songea umebeba jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Kwa hiyo mtu anayeitwa Songea leo huenda kwao si Songea hata kidogo.

Kwa upande wa watu, hali ni nzito zaidi. Mtoto wa kiume wa Kijaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, na kila usiku wanazaliwa watoto. Usukumani na Unyamwezini, pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, awe wa kike au wa kiume. Mama mmoja aliniletea begi la nguo lililoandikwa kwa kalamu nene "KULWA – MAJENGO". Nikamuuliza, "Mama, Kulwa wa nani?" Akanijibu kwa upole, "Wa kwangu, baba. Mwenzake ni Doto." Kwake lilikuwa jibu kamili, kwa sababu nyumbani kwake Kulwa ni mmoja. Tulikaa tukaandika upya: majina matatu ya kijana, namba yake ya simu, Majengo, Kahama, karibu na shule gani, pamoja na namba ya mama mwenyewe endapo simu ya kijana haitapatikana. Begi lilifika.

Usidhani majina matatu yanamaliza kazi. Visiwani na kote mwambao, mtoto mara nyingi hupewa jina la babu yake. Ali akimzaa Hamad, Hamad akamzaa Ali, huyo mjukuu ni Ali Hamad Ali. Akipata mtoto wa kiume atamwita Hamad, naye atakuwa Hamad Ali Hamad, na mzunguko unaendelea. Mtaa wa tatu kuna nyumba nyingine inayofanya hivyo hivyo kwa majina hayo hayo, na hawana hata chembe ya undugu. Hapo kinachosaidia ni tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Namba ile ina tarakimu 20 na inaanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo ni ngumu kuchanganywa. Ukituma pesa kwa simu, lisome jina linalotokea lote, la kwanza hadi la mwisho, na namba uihakiki na mpokeaji kwa mdomo.

Wazazi, nawasihi: jina la babu msiliache nje mnapomwandikisha mtoto shule, na herufi zifanane na za cheti cha kuzaliwa. Ally na Ali kwa mtu wa kompyuta ni watu wawili. Anwani za makazi tulizowekewa nazo zitumieni. Namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi ya tarakimu tano vinamtofautisha mtu wa Majengo ya Moshi na wa Majengo ya Dodoma bila kupiga simu hata moja.

Na wale mnaotafuta ndugu waliopotezana, ukimpata mtu mwenye jina la ukoo wako usianze kwa kumkumbatia. Muulize babu yake alitoka kijiji gani, bibi yake mzaa baba aliitwa nani, na wazee wao wamezikwa wapi. Kisha majibu yake yapeleke kwa mzee wa ukoo wenu aliye hai, ayasikilize mwenyewe.